Filamu ya kwanza, wimbo uliouza zaidi: kwa nini maswali mepesi ya chemsha bongo yana majibu mengi

Jioni ya tarehe 5 Desemba 1956, Herb Stempel, bingwa wa chemsha bongo ya televisheni, alisimama ndani ya kibanda cha kioo kwenye studio ya NBC jijini New York, akaulizwa swali ambalo jibu lake alilijua kama anavyolijua jina lake. Ni filamu gani iliyopata Oscar ya Filamu Bora kwa mwaka 1955? Jibu ni Marty. Stempel alikuwa ameitazama mara tatu, na ilikuwa kipenzi chake. Ila watayarishaji wa kipindi hicho cha chemsha bongo, Twenty-One, walishamwamuru akosee. Walikuwa wamepata bingwa mpya wa kuwavutia watazamaji: Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana mtanashati wa ukoo wa wasomi. Stempel akafuta jasho, akasitasita, akasema On the Waterfront. Kabla kipindi hakijaisha, ubingwa ulikuwa umehamia kwa Van Doren.

Yaliyofuata yanajulikana. Stempel alitoboa siri, uchunguzi ukaanza, na Novemba 1959 Van Doren akakiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa majibu kabla ya kipindi. Mwaka 1960 sheria ikarekebishwa ili kupanga matokeo ya michezo ya aina hiyo kuwe kosa.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo wasimulizi wengi hulipita. On the Waterfront ni filamu ya mwaka 1954, lakini tuzo yake ilitolewa tarehe 30 Machi 1955. Marty ni ya mwaka 1955, na tuzo yake ilitolewa tarehe 21 Machi 1956. Basi mtu akiuliza kwa haraka, “Filamu gani ilishinda Oscar mwaka 1955?”, yule aliyeambiwa akosee ndiye aliyepatia. Kosa la kupangwa liligeuka kuwa jibu sahihi la swali jingine, na tofauti ya maswali hayo mawili ni neno moja: “kwa mwaka” au “mwaka”.

Maswali ya muziki, filamu na watu mashuhuri yanaonekana mepesi kuliko ya sayansi au jiografia kwa sababu kila mtu amewahi kuona sinema na kila mtu ana wimbo anaoupenda. Wepesi huo ndio mtego. Ukiulizwa kina cha bahari, kuna kipimo kinachokubalika. Ukiulizwa wimbo “mkubwa” kuliko zote, kipimo chenyewe ni ubishi. Mara nyingi wanaobishana juu ya jibu hawabishani juu ya ukweli wowote. Kila mmoja anajibu swali lake, na hakuna aliyegundua kwamba maswali ni mawili.

Mtego wa mwaka nimeshautaja, na hauhitaji maelezo marefu. Oscar hutolewa mwanzoni mwa mwaka kwa filamu zilizoonyeshwa mwaka uliotangulia. Titanic ni ya 1997 na ilibeba tuzo zake Machi 1998. Lupita Nyong’o aliigiza katika 12 Years a Slave, filamu ya 2013, akapokea tuzo tarehe 2 Machi 2014. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, aliipata kwa Gone with the Wind ya 1939, lakini hafla yenyewe ilikuwa tarehe 29 Februari 1940. Ukikuta vitabu viwili vinatofautiana kwa mwaka mmoja kuhusu tuzo, usiharakishe kusema kimoja kimekosea.

Neno gumu zaidi katika mchezo huu ni “kwanza”.

Chukua swali la filamu ya kwanza duniani. Vitabu vingi vitakupeleka Paris, kwenye ukumbi wa Grand Café, tarehe 28 Desemba 1895, ambako ndugu Auguste na Louis Lumière walionyesha filamu fupi kumi kwa watu waliolipa kiingilio. Ni jibu zuri, ila ni jibu la swali la onyesho la sinema kama tunavyolijua: ukumbi, pazia, watazamaji wengi, tiketi. Hata hapo kuna wa kubisha, maana ndugu wengine wawili, Max na Emil Skladanowsky, walikuwa wameshawaonyesha watu wa Berlin picha zinazotembea tangu tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, kwa mashine ambayo haikuwa nzuri kama ya Lumière. Edison naye alikuwa na mashine yake, Kinetoscope, iliyofunguliwa kwa umma New York mwezi Aprili 1894. Lakini kwa mashine hiyo mtu mmoja mmoja aliinama na kuchungulia kwenye tundu. Je, kuchungulia peke yako tundu la sanduku ni kwenda sinema? Kwa waliozoea kutazama filamu kwenye simu, swali hilo limepata uhai mpya.

Ukiacha onyesho na kuuliza kuhusu picha zenyewe, unarudi nyuma zaidi, hadi Oktoba 1888, katika bustani ya nyumba moja huko Roundhay, Leeds, Uingereza. Louis Le Prince, Mfaransa, aliwapiga picha jamaa zake wakizunguka bustanini. Kipande hicho ni cha sekunde mbili tu, na ndicho filamu ya zamani zaidi iliyobaki inayotajwa mara nyingi. Le Prince mwenyewe hakupata nafasi ya kudai sifa zake: Septemba 1890 alipanda treni Dijon kuelekea Paris, na hakuonekana tena. Kifo au kutoweka kwake hakijapata maelezo hadi leo, na ni kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinastahili kuulizwa kwenye mashindano kuliko tarehe ya Lumière.

Filamu ya kwanza yenye sauti nayo ni hivyohivyo. Karibu kila mtu hujibu The Jazz Singer, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 6 Oktoba 1927. Anayeitazama leo hushangaa, kwa sababu sehemu kubwa ni filamu bubu yenye maandishi kati ya picha na picha. Al Jolson anaimba, na mazungumzo yenyewe ni ya dakika mbili hivi. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni hiyohiyo ya Warner Bros. ilikuwa imetoa Don Juan, iliyosindikizwa na muziki na milio iliyorekodiwa, bila mazungumzo. Na filamu ndefu ya kwanza ambayo watu wanaongea mwanzo hadi mwisho ni Lights of New York ya 1928, ambayo karibu hakuna anayeikumbuka kwa sababu si filamu nzuri. Kwa hiyo The Jazz Singer haikuwa ya kwanza kuwa na sauti, wala ya kwanza kuongea yote. Ilikuwa ya kwanza kati ya filamu ndefu kumfanya mtazamaji asikie mtu anayemwona akimsemesha, na ikauza kiasi kwamba filamu bubu zilihesabiwa siku zake. Umaarufu wa kitu “cha kwanza” mara nyingi hutokana na mauzo yake kuliko tarehe yake.

Katuni zinathibitisha hilo. Snow White and the Seven Dwarfs ya Walt Disney, 1937, hutajwa kama filamu ndefu ya kwanza ya katuni. Ni ya kwanza ya Disney, na ya kwanza kwa mbinu ya kuchora kwenye karatasi angavu za plastiki. Lakini mwaka 1926 Lotte Reiniger, mwanamke wa Kijerumani, alikuwa amekamilisha filamu ndefu ya Mwanamfalme Achmed kwa vivuli vya karatasi alivyovikata kwa mkasi, na filamu hiyo ipo hadi leo. Kabla yake, mwaka 1917, Quirino Cristiani alitoa El Apóstol nchini Argentina, ambayo hakuna nakala yake iliyobaki. Zipo hapo “ya kwanza” tatu, na kila moja ina sifa yake ya nyongeza: ya kwanza kutengenezwa, ya kwanza kati ya zilizosalia, ya kwanza kwa mbinu fulani. Mtunga maswali asiyeweka sifa hiyo amechimba shimo atakalotumbukia mwenyewe.

Na James Bond wa kwanza? Sean Connery, katika Dr. No ya 1962, bila shaka, kama tunazungumzia sinema. Kwenye televisheni alimtangulia Barry Nelson, Mmarekani, mwaka 1954, katika tamthilia ya saa moja iliyomgeuza jasusi huyo wa Kiingereza kuwa Mmarekani anayeitwa Jimmy. Hata idadi ya filamu alizocheza Connery ina utata: ni sita ukihesabu zile za kampuni ya Eon, ambazo ndizo zinazoitwa rasmi, na saba ukiongeza Never Say Never Again ya 1983, iliyotengenezwa na watu wengine. Roger Moore alicheza saba, zote za Eon. Kwa hiyo swali la nani amekuwa Bond mara nyingi zaidi lina jibu la Moore peke yake au jibu la sare, kutegemea unachokiita filamu ya Bond.

Mfano wa mwisho wa aina hii ni wa karibu zaidi na lugha yetu. Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa nchi gani? Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Wengi hujibu Tanzania. Kwa ramani ya sasa ni sawa. Lakini mwaka 1946 hapakuwa na nchi yenye jina hilo. Zanzibar ilikuwa ya Sultani chini ya ulinzi wa Uingereza, na Muungano ulikuja Aprili 1964, mwaka ambao familia yake ilihamia Uingereza. Mwamuzi makini atakubali Zanzibar bila kusita, na Tanzania kwa kuwauliza washindani wengine kama wana pingamizi.

Tuje kwenye “zaidi”, ambako hesabu huingia na fedha nyuma yake.

Filamu iliyoingiza fedha nyingi zaidi duniani ni Avatar ya James Cameron, iliyotoka 2009, yenye mapato ya dola bilioni 2.9 hivi. Julai 2019 ilipitwa na Avengers: Endgame, baada ya hiyo kurudishwa kwenye majumba ya sinema ikiwa na vipande vya nyongeza. Machi 2021 Avatar ikaonyeshwa upya China, ikarudi juu. Tazama maana yake: kitabu cha maswali kilichochapwa 2018 kilikuwa sahihi, 2019 kikawa na kosa, na 2021 kikarudi kuwa sahihi bila mtu kugusa ukurasa.

Hizo ni dola zilizohesabiwa kama zilivyo. Dola ya 1939 haikuwa dola ya 2009, na ukirekebisha kwa mfumuko wa bei, inayopanda juu ni Gone with the Wind. Ukihesabu tiketi badala ya fedha, Marekani peke yake makadirio yanaipa filamu hiyo zaidi ya milioni 200. Hapo nako mizani si sawa pande zote. Mwaka 1939 watu hawakuwa na televisheni majumbani, na filamu hiyo ilirudishwa sinema mara kadhaa kwa miongo kadhaa, kwani hapakuwa na njia nyingine ya kuiona. Avatar kwa upande wake ilinufaika na tiketi za miwani ya 3D, zilizokuwa ghali kuliko za kawaida. Na mapato si faida: majumba ya sinema hubaki na sehemu yake, matangazo hula sehemu nyingine, kwa hiyo filamu iliyoingiza dola milioni 500 inaweza kuwa imemtia hasara aliyeitengeneza.

Kwenye muziki hali ni ngumu zaidi, kwa sababu tiketi ni tiketi, lakini wimbo umewahi kuuzwa kwa santuri, kanda, CD, kupakuliwa na sasa kusikilizwa mtandaoni bila mtu kuumiliki. Kitabu cha rekodi cha Guinness huitambua White Christmas ya Bing Crosby kuwa ndiyo iliyouza zaidi kati ya nyimbo moja moja, kwa makadirio ya nakala milioni 50. Neno la kushika hapo ni “makadirio”, maana iliporekodiwa Mei 1942 hapakuwa na anayehesabu kwa utaratibu wa leo. Kati ya zilizouzwa tangu chati zianze kutunza kumbukumbu, sifa hiyo wanampa Elton John kwa Candle in the Wind 1997, aliyoimba baada ya kifo cha Diana, nakala milioni 33. Nao pia si wimbo mpya kabisa. Ni maneno mapya juu ya wimbo wake wa 1973 uliomhusu Marilyn Monroe. Na kama umewahi kusikia White Christmas, kuna uwezekano mkubwa hukusikia rekodi ya 1942. Ile ya awali ilichapwa mara nyingi hadi bamba lake mama likachakaa, na mwaka 1947 Crosby akalazimika kurudi studio kuirekodi upya, akifuatisha kila kitu kama mwanzo. Je, hizo ni rekodi moja au mbili? Wanaohesabu huzijumlisha.

Albamu iliyouza zaidi duniani ni Thriller ya Michael Jackson, iliyotoka Novemba 1982. Swali likiongezewa neno “Marekani”, jibu linabadilika: ni mkusanyo wa nyimbo za Eagles za 1971 hadi 1975, uliothibitishwa na chama cha kampuni za kurekodi cha nchi hiyo, RIAA, kwa vipimo milioni 38 mwaka 2018, wakati Thriller ina 34. Nimesema vipimo, sikusema nakala, kwa makusudi. Kwa RIAA, albamu ya diski mbili iliyo ndefu vya kutosha huhesabiwa kila diski peke yake, kwa hiyo mtu mmoja akinunua HIStory ya Michael Jackson ya 1995, kwenye hesabu ni wawili. Tangu 2016 usikilizaji wa mtandaoni nao umeingizwa katika vyeti vya albamu: mara 1,500 za kusikiliza nyimbo zake ni sawa na albamu moja kuuzwa. Platinamu maana yake vipimo milioni moja, dhahabu nusu yake. Anayesema msanii fulani “ameuza platinamu kumi” leo anaweza kuwa anazungumzia nyimbo ambazo hakuna aliyezinunua dukani.

Kanuni zikibadilika, historia nayo hubadilika. Wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey, All I Want for Christmas Is You, ulitoka 1994 na ulipendwa papo hapo, lakini haukuonekana kwenye chati kuu ya Marekani, ya Billboard, wakati huo. Sababu ni ya kikarani: chati ilitaka wimbo uwe umeuzwa peke yake, na kampuni yake haikuuza hivyo, ilitaka watu wanunue albamu nzima. Sharti hilo liliondolewa 1998, usikilizaji wa mtandaoni ukaja kuhesabiwa, na Desemba 2019 wimbo ukashika namba moja, miaka 25 baada ya kutoka. Kate Bush alisubiri zaidi. Running Up That Hill ya 1985 ilifika namba moja Uingereza mwezi Juni 2022 baada ya kutumika katika tamthilia ya Stranger Things, na wasimamizi wa chati ilibidi wauondolee kanuni inayopunguza uzito wa nyimbo za zamani. Bila uamuzi huo wa mezani, watu wangesikiliza vilevile na jibu la chemsha bongo lingekuwa tofauti.

Takwimu za YouTube ni tasa zaidi, ingawa zinatajwa kwa kujiamini. Gangnam Style ya Psy ilikuwa video ya kwanza kufikisha mara bilioni moja, Desemba 2012. Novemba 2020 Baby Shark, wimbo wa watoto wadogo, uliipita Despacito na kuwa video iliyotazamwa zaidi. Yeyote aliyewahi kukaa nyumba moja na mtoto wa miaka miwili anajua namba hizo zinapatikanaje, na hazituambii chochote juu ya idadi ya watu.

Kuna majibu ya “zaidi” ambayo huwashinda watu kwa sababu wanatafuta jina kubwa. Hadi Februari 2023 aliyekuwa na Grammy, tuzo za muziki za Marekani, nyingi kuliko wote hakuwa mwimbaji wa pop. Alikuwa Georg Solti, kiongozi wa okestra ya muziki wa kiklasiki, aliyefariki 1997, mwenye tuzo 31. Beyoncé ndiye aliyempita, akafika 32. Miaka yote ya katikati, vyumba vizima vya washindani vilikuwa vikipiga kelele “Michael Jackson!”

Grammy inatuleta kwenye utata wa mwisho ulio mzito: wimbo ni wa nani? Tuzo hizo zina kipengele cha Rekodi ya Mwaka na kingine cha Wimbo wa Mwaka, na watu huvichanganya kila mwaka. Cha kwanza ni cha rekodi yenyewe, kwa hiyo wanaoitwa jukwaani ni mwimbaji, prodyuza na mafundi wa sauti. Cha pili ni cha utunzi, na anayepewa ni aliyeandika maneno na tuni, hata kama hajawahi kushika maikrofoni. Hiyo ni tofauti ya kisheria pia: haki ya utunzi na haki ya rekodi ni mali mbili, na mirabaha hupita njia mbili.

Ukielewa hilo, nusu ya maswali ya “wimbo huu ni wa nani” yanafunguka. I Will Always Love You uliandikwa na kuimbwa na Dolly Parton, ukatoka 1974, kabla Whitney Houston hajauchukua 1992. Respect ni ya Otis Redding, 1965. Aretha Franklin aliifanya yake miaka miwili baadaye kiasi kwamba maana yake ikageuka, ombi la mume likawa dai la mwanamke. Hound Dog ilirekodiwa na Big Mama Thornton kabla ya Elvis Presley, lakini hata Thornton hakuitunga. Waliiandika vijana wawili, Jerry Leiber na Mike Stoller. My Way ya Frank Sinatra ina tuni ya wimbo wa Kifaransa wa Claude François, Comme d’habitude, na maneno ya Kiingereza aliyaandika Paul Anka, ambayo si tafsiri ya yale ya Kifaransa hata kidogo. Swali la “nani aliimba wa kwanza”, la “nani alitunga” na la “nani aliufanya uvume” ni maswali matatu, na mara nyingi yana majina matatu.

Utata huo umewahi kumgharimu mtu. Mwaka 1939, Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi Mbube katika studio za Gallo. Haki za wimbo akaziuza kwa shilingi kumi. Santuri ikavuka bahari, ikamfikia Pete Seeger, ambaye alisikia kiitikio cha Kizulu “uyimbube”, yaani “wewe ni simba”, akakiandika Wimoweh, na kundi lake la The Weavers likauimba. Mwaka 1961 The Tokens wakauimba ukiwa umeongezewa maneno ya Kiingereza na jina jipya, The Lion Sleeps Tonight, ukashika namba moja Marekani. Linda alifariki mwaka uliofuata, maskini. Ulipotumika katika The Lion King ya 1994, wasikilizaji wengi hawakuwa na habari kwamba kuna mtu anayeitwa Linda. Warithi wake walifungua kesi, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano yaliyowapa sehemu ya mapato. Kadi za chemsha bongo zinazouliza nani aliimba wimbo huo bado husubiri jibu la The Tokens. Si kosa, kwa herufi. Malaika nao una mgogoro wake: rekodi ya Fadhili William ndiyo iliyoutambulisha, Adam Salim hutajwa kuwa ndiye aliyeutunga, na nje ya Afrika Mashariki wapo wanaoujua kama wimbo wa Miriam Makeba au hata wa Boney M.

Yapo pia majibu ambayo ni sahihi kwenye kadi na hayapo popote kwenye filamu. Katika Casablanca ya 1942 hakuna anayemwambia mpiga piano Sam apige “tena”. Ingrid Bergman anamwomba apige, basi. Darth Vader wa filamu za Star Wars hasemi jina la Luke anapomwambia kuwa yeye ndiye baba yake. Malkia wa Snow White ya Disney haanzi kwa kukiita kioo mara mbili. Anakiita kioo cha ajabu. Makosa haya hayatokani na usahaulifu mtupu. Ndani ya filamu, Vader hana haja ya kutaja jina, kwa sababu Luke ananing’inia mbele yake. Mtu anayeirudia sentensi hiyo barazani ana haja nalo, la sivyo msikilizaji hatajua inatoka wapi. Watu hurekebisha maneno ili yaweze kusafiri bila picha, na toleo lililosafiri ndilo linaloandikwa vitabuni.

Fred Worth aliwajua watunzi wa vitabu vya namna hiyo, maana naye alikuwa mmoja wao. Katika kamusi yake ya maarifa madogomadogo iliyotoka miaka ya 1970 alipanda uongo mmoja kwa makusudi, kama mwenye shamba anayetia alama kwenye mahindi yake ili amkamate mwizi. Aliandika kwamba jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa televisheni aliyeigizwa na Peter Falk, ni Philip. Mchezo wa Trivial Pursuit, uliobuniwa Montreal na Chris Haney na Scott Abbott, ulipovuma, mojawapo ya kadi zake ikauliza jina hilo, na jibu nyuma ya kadi lilikuwa Philip. Mwaka 1984 Worth alifungua kesi akidai dola milioni 300. Wabunifu hawakukana kwamba walikitumia kitabu chake, pamoja na vingine. Mahakama ikasema habari za kweli hazina mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa, na mwaka 1987 akashindwa hata kwenye rufaa. Aliyeandika jambo kuwa ni kweli hakuweza kugeuka na kulidai kama ubunifu wake.

Jina halisi nalo lina mushkeli. Katika vipindi vya miaka ya 1970 kamera iliwahi kukikaribia kitambulisho cha Columbo, na sahihi yake inasomeka Frank. Waliomtunga walisema siku zote kwamba hawakumpa jina la kwanza. Kwa hiyo aliyechomoa kadi hiyo ya zamani ana majibu matatu mkononi: Frank, la kitambulisho, hana, la watunzi, na Philip, la uongo mtupu, ambalo ndilo litakalompa pointi.